Semei Kakungulu: Serikali na Dhamiri

Soma Mathayo 22:15–22.

Semei Kakungulu wa Uganda aliwapigania Waingereza, akaanzisha mji wa Mbale. Lakini alipoyachunguza Maandiko, alisadiki kwamba Sabato na tohara havikufutwa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaishika dini ya Kiyahudi. Utumishi wake kwa serikali haukumchagulia imani. Alifariki mwaka 1928. Miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliipiga marufuku dini hiyo. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri, nayo ikadumu. Kaisari anastahili kodi, si ibada.

Jadilini: Mwanafunzi wa Ruhuwiko, Songea, amepangiwa mtihani siku ya Sabato. Aombe nini shuleni, bila kutaka wenzake walazimishwe kuishika Sabato?