Haldane, daktari aliyeshuka migodini kuitafuta hewa inayoua

Mchimbaji anayeshuka shimo refu lisilopitisha hewa huanza kuhema kabla hajachoka. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Katika mkoa wa Tanganyika, ambako umeme wa Piana-Mwanga uliendesha migodi ya bati ya Manono, wengi leo wanachimba kwa mikono, na hatari hiyo bado ipo. Aliyeonyesha inatoka wapi ni daktari kutoka Uskoti, John Scott Haldane.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1860, akasomea udaktari huko huko, kisha akahamia Oxford. Jina lake, hata hivyo, lilijengwa migodini. Januari 1896 mlipuko uliua watu 57 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales. Haldane alizikagua maiti na kubaini kwamba wengi hawakuuawa na moto wala kishindo, bali na kaboni monoksidi. Gesi hiyo aliijua kwa mwili wake: alikuwa ameivuta mwenyewe maabarani, akijipima damu, hadi akashindwa kusimama vizuri. Ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na wanyama wadogo, wakiwemo ndege aina ya kanari, kwa kuwa wanazidiwa mapema kuliko mtu.

Gesi nyingine iliyomshughulisha ni kaboni dioksidi, ile tunayoitoa kila tunapopumua. Mwaka 1905, yeye na John Gillies Priestley walionyesha kwamba kinachomsukuma mtu kuvuta pumzi kwa kawaida ni kiasi cha gesi hiyo mwilini, zaidi ya upungufu wa oksijeni. Ikizidi kidogo tu, ubongo unayaamuru mapafu yaongeze kazi.

Inasafirije ndani ya damu? Karibu asilimia 70 hugeuzwa bikaboneti ndani ya chembe nyekundu, kisha nyingi yake hubebwa katika majimaji ya damu. Asilimia 20 hivi hushikamana na himoglobini, na inayobaki huyeyuka tu. Mwaka 1914, pamoja na Johanne Christiansen na Claude Douglas, Haldane alieleza jambo linaloitwa kwa jina lake hadi leo: damu ikishatua oksijeni kwenye misuli, hubeba kaboni dioksidi nyingi zaidi, ikipokea oksijeni mapafuni, huiachia. Ni kama lori linaloshusha mzigo na kupakia mwingine pale pale.

Shimoni safari hiyo inakwama. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Damu inafika mapafuni na mzigo wake, lakini mapafu yenyewe yamejaa gesi ile ile. Ndiyo maana anayekimbilia kumwokoa mwenzake, kabla hewa safi haijapulizwa ndani, naye huanguka.

Mwaka 1915 alitumwa kwenye uwanja wa vita Ulaya kuichunguza gesi ya klorini iliyotumiwa na Wajerumani. Alifariki Oxford Machi 1936, akiwa na miaka 75. Kanari waliendelea kushuka migodini Uingereza hadi miaka ya 1980.