Henry Warren na Mapigo ya Umeme

Bila shaka umepata kuona watu wakilima kwa ngoma. Majembe hupanda pamoja na kushuka pamoja. Mmoja akikosa mdundo, anaweza kumjeruhi mwenzake. Mitambo ya umeme nayo hufanya kazi hivyo. Soma habari za mtu aliyesaidia kuipa mdundo ulio sahihi.

Henry Warren alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Boston, Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme, akamaliza masomo mwaka 1894. Baadaye aliishi Ashland. Huko alitengeneza saa.

Umeme wa majumbani huenda na kurudi ndani ya waya kama mapigo. Hapa Tanzania hupiga mara 50 kila sekunde. Marekani hupiga mara 60. Warren aliunda saa isiyotiwa ufunguo. Mota yake ndogo ilifuata mapigo hayo.

Lakini saa zake zilikosea dakika kadhaa kwa siku. Je, wewe ungefanya nini? Warren alichunguza, akakuta saa ni nzima. Kosa lilikuwa kwenye mitambo ya umeme. Mara ilikwenda mbio, mara ilikwenda polepole. Mafundi hawakujua, kwa sababu kipimo chao kilikuwa kibovu.

Basi Warren akaunda saa ya kituoni yenye mishale miwili. Mmoja uliendeshwa na uzito unaobembea, kama saa za zamani. Wa pili uliendeshwa na umeme. Mshale wa umeme ukitangulia, fundi alipunguza mwendo wa mtambo. Ukichelewa, aliuongeza. Tarehe 23 Oktoba 1916 saa hiyo ilianza kazi katika kituo cha umeme cha Boston. Vituo vingine vikafuata. Warren alifariki mwaka 1957, akiwa na miaka 85.

Faida yake ni nini kwako? Umeme wa gridi ya taifa hutoka Kidatu, Mtera na kwingineko, mbali sana na Kahama. Mitambo yote lazima ipige pamoja. Mtambo ukiunganishwa kabla haujalingana na mingine, unaweza kuharibika, na watu wakabaki gizani. Siku hizi wataalamu hulinganisha mapigo hayo kwa saa za setilaiti, hata kwa sehemu ya milioni moja ya sekunde.

Warren hakuitupa saa yake. Alitafuta kwanza kosa liko wapi.

Maswali
1. Kwa nini saa za Warren zilikosea?
2. Mishale miwili ilimsaidiaje fundi?
3. Ni kazi gani kijijini huharibika watu wasipokwenda pamoja?