Sinan, fundi aliyeinusuru Hagia Sophia

Msikilizaji, tunapoitaja Hagia Sophia ya Istanbul, nchini Uturuki, wengi wetu huwakumbuka wafalme na masultani. Leo tunamtazama fundi: Mimar Sinan.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 15 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na Kayseri, kwenye familia ya Kikristo. Siku hizo Dola ya Osmani ilikuwa ikichukua vijana wa Kikristo vijijini, ikiwasilimisha na kuwafanya askari. Sinan naye alichukuliwa. Jeshini akawa fundi wa madaraja na meli. Mwaka 1539 akafanywa mkuu wa wajenzi wa sultani, kazi aliyoishika hadi alipofariki mwaka 1588.

Hagia Sophia alilikuta likiwa jengo la miaka 1,000. Mfalme Justinian alilijenga kuwa kanisa kati ya mwaka 532 na 537. Shida ilikuwa kuba lake, lenye upana wa mita 31 hivi. Kuba halielemei chini tu, bali pia husukuma kuta ziende nje, kama paa zito linavyoutanua ukuta wa udongo. Mwaka 558, baada ya mitetemeko ya ardhi, lilianguka. Likajengwa jipya, lililoinuka zaidi ili lisisukume sana. Hata hivyo sehemu zake zilianguka tena mwaka 989 na 1346. Mwaka 1453 Sultani Mehmed II aliuteka mji, na kanisa likawa msikiti. Waliosali ndani walibadilika, lakini uzito wa kuba ulibaki uleule.

Mwaka 1573, enzi za Sultani Selim II, Sinan alikabidhiwa matengenezo. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Nyumba zilizojengwa kushikana na kuta zilibomolewa, naye akaongeza mihimili minene ya kuziegemeza kuta kwa nje. Minara miwili ya upande wa magharibi pia ni kazi yake.

Wakati huohuo alikuwa akijenga msikiti wa Selimiye mjini Edirne, wenye kuba la upana unaokaribiana na lile la Hagia Sophia. Kijana aliyetolewa kwenye familia ya Kikristo ndiye aliyelishikilia jengo lililoanza kama kanisa. Lilifanywa makumbusho mwaka 1935, likarudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, na mihimili ile ingali imesimama.