Koloneli Whelen na kaye ya bunduki

Mwezi huu tunawaletea maisha ya Townsend Whelen. Huku kwetu si wengi wanaolijua jina hili, lakini kwa wawindaji wa Marekani ni jina kubwa sana. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1877, mtoto wa mganga. Katika 1898 alikuwa askari wakati wa vita na Hispania. Mwaka 1901 akaenda kuwinda British Columbia, nchi ya Kanada, akakaa huko miezi mingi, kisha akarudi jeshini kuwa ofisa.

Alipiga shabaha katika mashindano ya jeshi, na mwaka 1906 akaandika kitabu cha kufundisha askari kupiga. Jambo alilolisukuma sana lilikuwa kaye. Mtu apige, halafu aandike: umbali gani, upepo unatoka wapi, mwangaza uko namna gani, alama za kulengea ziko kwenye namba ngapi, na risasi imeingia wapi. Si kesho, papo hapo. Sisi makapita tunaoshika kaye ya wasiofika kila asubuhi, mambo ya kuandika kesho tunayajua!

Kwa nini kazi yote hiyo? Bunduki yenye darubini ina sufuri yake, ni kusema umbali ule ambapo risasi inaingia pale pale msalaba wa darubini unapoonyesha. Mtu anaiweka kwa kupiga na kuzungusha vifungo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kuume. Lakini sufuri haikai kama msumari ukutani. Mti wa bunduki ukinywa maji ya mvua unavimba na kusukuma mtutu. Ukibadilisha aina ya masasi, yanaingia pengine. Bunduki ikianguka, vilevile. Na kosa linakua njiani: inchi 1 kwenye yadi 100, ni kusema kama meta 91, inakuwa inchi 3 kwenye yadi 300. Asiyeandika namba za vifungo hajui hata kama vimeguswa. Tena risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, inaweza kuachana kidogo na zile zinazofuata, na mara nyingi mwindaji hana nyingine ila hiyo.

Mwenzetu mmoja wa darasa la sita alicheka, akasema mnyama hangoji kaye. Mwingine akasimulia ya kijijini kwao. Bunduki ya mjomba wake ilianguka kutoka kwenye baiskeli. Haikuwa na darubini, ila kile kidude cha mbele kilipinda kidogo tu. Masasi ni bei, hakujaribu. Akamlenga nyati begani, akampiga tumboni. Nyati akaingia majani marefu, wakamfuata siku mbili, na mtu aliyetangulia alirudi akibebwa kwa kipoyi. Basi hakuna aliyecheka tena.

Whelen alipata kusimamia kiwanda cha masasi cha Frankford, na mwaka 1922 risasi moja ikapewa jina lake, .35 Whelen, nayo inatumiwa hata leo. Mwaka 1936 aliacha jeshi, na mwaka ule ule kikatoka kitabu chake juu ya darubini za bunduki. Wakati ule wawindaji wengi walikuwa bado wanaidharau darubini, kwao ilikuwa kioo cha kuvunjika tu.

Alikufa mwezi wa Desemba 1961, miaka 84. Kitabu cha maisha yake alikiacha hakijaisha. Bradford Angier akakimalizia, kikatoka 1970.