Mahmood Mattan, baharia wa Hargeisa aliyenyongwa kwa kosa la mwingine

Mahmood Hussein Mattan alizaliwa Hargeisa mwaka 1923, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Kama vijana wengi wa kwao aliingia kazi ya meli, na meli zikamfikisha Cardiff, bandari ya makaa ya mawe huko Wales, ambako mabaharia Wasomali walikuwa na mtaa wao. Mwaka 1947 alimwoa Laura Williams, msichana wa kizungu aliyefanya kazi kiwandani. Majirani waliwatukana hadharani, lakini ndoa ilizaa watoto watatu wa kiume.

Usiku wa tarehe 6 Machi 1952, Lily Volpert, mwenye duka aliyekopesha fedha, alichinjwa dukani mwake na pauni zipatazo 100 zikaibwa. Polisi wakamkamata Mattan. Fedha hazikuonekana kwake, wala nguo zake hazikuwa na damu. Kilichopatikana ni vitone vidogo kwenye viatu, navyo vilikuwa vya mitumba.

Kesi ilisikilizwa Swansea mwezi Julai. Shahidi mkuu, Harold Cover, alisema alimwona Mattan akitoka dukani. Kumbe mwanzoni Cover alikuwa amewaeleza polisi habari za Msomali mwingine kabisa, na baadaye alipewa sehemu ya zawadi ya pauni 200 iliyotangazwa na ndugu wa marehemu. Mashahidi wanne walishindwa kumtambua Mattan. Yote hayo polisi waliyafungia kabatini.

Mchuuzi wa ndizi wa Wanale anayevuka Lwakhakha kwenda Bungoma anajua jinsi neno lililokosewa mbele ya askari wa ugenini linavyoweza kugeuka shtaka. Kiingereza cha Mattan kilikuwa cha bandarini, na alijibu kwa hasira. Pigo baya zaidi lilitoka upande wake: wakili aliyemtetea aliwaambia waamuzi kwamba mteja wake ni nusu mshenzi. Wakili wa namna hiyo, mwendesha mashtaka anahitajika wa nini?

Tarehe 3 Septemba 1952 alinyongwa katika gereza la Cardiff. Alikuwa na miaka 28. Laura alikwenda kumtembelea akakuta tangazo la kifo limebandikwa getini.

Mwaka 1969 Cover alifungwa kwa kujaribu kumuua binti yake kwa wembe, lakini serikali ilikataa kuifungua upya kesi ya Mattan. Laura hakuchoka. Mwaka 1996 mwili ulitolewa gerezani ukazikwa makaburi ya Waislamu, na Februari 1998 Mahakama ya Rufaa mjini London ikafuta hukumu. Familia ililipwa fidia ya pauni 725,000.

Polisi wa Wales Kusini waliomba radhi mwaka 2022. Laura alikuwa amefariki tangu 2008, na watoto wote watatu walikuwa wamekwisha kufa. Walioipokea ni wajukuu.