Oscar Kambona: miaka 25 inje ya inchi, kisha swali la uraia

Mara hii tunaeleza maisha ya mutu mukubwa ambaye wazee wengi walisikiaka jina lake kwa redio: Oscar Kambona wa Tanzania. Hakuwa Mukongomani. Lakini yale yaliyomupata wakati wa kurudi kwao yanafanana sana na swali ambalo tunaulizwa kila tukipita Kasuku, Mikelenge ao Alunguli: mutu akikaa miaka mingi inje, bado ni mwanainchi?

Kambona alizaliwa pembeni ya ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay, kusini kabisa ya inchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika. Ile ni sehemu ya mipaka. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na ukishuka kidogo ni Msumbiji. Tuweke jambo hilo kichwani, maana litarudi mbele. Baba yake alikuwa padri wa kanisa la Anglikana, mumoja wa Waafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo kule. Kijana akasoma, akakuwa mwalimu, akafundisha Dodoma.

Mwaka 1954 Julius Nyerere na wenzake wakaunda chama cha TANU kwa kudai uhuru. Kambona akaacha chaki, akakuwa katibu mukuu wa chama, akatembea kuandikisha watu. Kisha akaenda London kusomea sheria. Uhuru ulipofika mwezi wa 12 mwaka 1961, aliingia serikalini. Alishika elimu, akashika mambo ya ndani, akashika mambo ya inje. Mwezi wa kwanza 1964 waaskari waliasi Dar es Salaam. Rais alikuwa amefichwa, na Kambona njo aliyeenda kuongea nao. Watu wengi walimuhesabu kuwa mutu wa pili katika inchi.

Aliongoza pia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Afrika, iliyoanza 1963 na makao yake Dar es Salaam. Kamati hiyo ilisaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na inchi zingine. Mwaka 1964, wakati Simba walishika Kindu na kisha jeshi likauchukua muji tena, waziri wa mambo ya inje wa Tanzania alikuwa yeye. Mutu aliyefungulia wengine mulango hakujua kama siku moja yeye mwenyewe atapiga hodi kwao.

Mambo yakageuka 1967. Mwezi wa pili Tanzania ilitoa Azimio la Arusha, siasa ya ujamaa. Kambona hakukubaliana na njia ile, wala na mufumo wa chama kimoja. Akatoka serikalini, na mwezi wa saba akaenda Uingereza. Alidumu kule miaka 25. Mwaka 1970 kesi ya uhaini ikafunguliwa Dar es Salaam, jina lake likiwa ndani, yeye akiwa mbali. Wandugu zake wawili walifungwa miaka mingi bila kuhukumiwa. Kwa hiyo kutokurudi kwake hakukuwa uvivu wala kusahau kwao. Wengi wetu tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa, juu hata sisi hatukupanga siku ya kukimbia wala siku ya kurudi.

Mwaka 1992 Tanzania ikakubali vyama vingi, na Kambona akaamua kurudi. Alifika Dar es Salaam mwezi wa 9. Hakushika paspoti ya Tanzania mukononi. Alisafiri na karatasi ya safari waliyomupa Waingereza. Serikali ilikuwa imetoa onyo kwamba atakamatwa, lakini hakukamatwa. Kilichokuja njo kile kilichoumiza zaidi: uraia wake ukatiwa mashaka. Mutu aliyejenga chama cha uhuru, aliyesimama mbele ya dunia kwa jina la Tanzania, sasa anaulizwa kama kweli ni wa Tanzania. Alifariki London mwaka 1997.

Tuangalie vizuri. Miaka 25 haikufuta uraia wake yenyewe. Mutu aliyezaliwa raia hapotezi uraia kwa sababu tu kalenda imegeuka. Lakini miaka ilifungua mulango wa swali. Paspoti ya Tanzania hakuwa nayo, kuzaliwa kwake kulikuwa pembeni ya mupaka, na wenye kumujua zamani walikuwa wamepungua. Wale wasiomupenda walipata mahali pa kushika. Kama mukubwa kama yeye aliulizwa, mama wa Alunguli aliyerudi na watoto watano na mufuko mumoja ataulizwa zaidi.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya uraia wa Kongo ni ile ya tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2004. Inasema mutoto ambaye baba ao mama yake ni Mukongomani, naye ni Mukongomani tangu kuzaliwa. Haijalishi kama alizaliwa Kindu ao katika kambi ya Lugufu ao Nyarugusu, kule Kigoma. Karte ya mukimbizi si uraia wa inchi ingine. Kuwa mukimbizi miaka 10 ao 20 hakukutoi katika hesabu ya Wakongomani.

Kinachokutoa ni kitu kingine. Sheria ile inasema uraia wa Kongo ni mumoja tu, hauchanganywi na uraia mwingine. Ukichukua uraia wa Tanzania ao wa Ulaya, unapoteza ule wa Kongo. Aliyeupoteza namna hiyo, na ambaye asili yake ni Kongo, anaweza kuurudisha kwa kufanya tangazo mbele ya waziri wa sheria. Lakini wataangalia kama bado yuko na kamba inayomufunga na inchi: jamaa, kazi, mali, desturi. Kamba hiyo haionekani kwa maneno matupu.

Kwa mugeni anayeomba uraia, miaka ya kukaa inje inahesabika kwa ukali zaidi. Wamoja wetu walioa ao kuolewa kule, na leo wanaume ao wanawake hao wako nasi hapa. Kongo inadai mugeni awe amekaa hapa kwa kudumu miaka 7 wakati anapoleta ombi. Tanzania nayo inadai miezi 12 ya mwisho mufululizo, na katika miaka 10 kabla ya hiyo, jumla ya miaka 7 ndani ya inchi. Kwa hiyo anayetoka na kuingia, miezi sita hapa, mwaka kule, anaweza kujikuta hesabu yake haitoshi. Safari ndefu si zambi, lakini iandikwe: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na sababu.

Kutokana na hayo, tunaomba kila jamaa ifanye haya mapema, kabla ya siku ya shida:

Watoto waliozaliwa kambini, peleka karatasi zao za kuzaliwa kwenye ofisi ya état civil ya komine yako. Kama wakati wa kuandikisha umepita, uliza tribinali juu ya jugement supplétif.

Usitupe karte ya zamani ya mukimbizi, wala karatasi ya kurudi. Hizo zinaonyesha ulikuwa wapi na kwa nini.

Karte ya uchaguzi inasaidia kila siku, lakini isiwe ushahidi wako mumoja tu. Wazee wanaojua baba yako na kijiji chenu, waandike ushuhuda wakiwa hai.

Fanya kopi ya kila karatasi, uiache kwa ndugu mwingine. Nyumba inaungua, pirogi inapinduka kwenye Lualaba.

Wakati wa mukutano ujao, mwenye karatasi anayoitilia mashaka aje nayo. Tutaiangalia pamoja, bila kuchekana. Kambona alikuwa na jina lililojulikana dunia nzima, na bado halikutosha. Sisi tuko na majina madogo. Tuyalinde kwa makaratasi.