Aliyemchoka Sherlock Holmes

Wapenzi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Unguja wanamfahamu vyema Bwana Msa, na kiko chake, na macho yake yasiyopitwa na kitu. Bwana Msa huyo ana babu yake Uingereza, naye ni Sherlock Holmes. Ajabu ni kwamba aliyemzaa Holmes kwa kalamu alimchoka hata akamuua, na wasomaji wakamlilia kama alaye maiti wa kweli.

Arthur Conan Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei 1859 mjini Edinburgh, Scotland, katika nyumba ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji aliyeharibiwa na ulevi, na mwisho akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama ndiye aliyeibeba nyumba, na ndiye aliyemtia mwanawe hamu ya visa vya mashujaa wa kale.

Kijana alisomea udaktari mjini humo. Mwalimu wake mmoja, Dkt. Joseph Bell, alikuwa akimtazama mgonjwa viatu, mikono na mwendo, kisha humweleza kazi yake na atokako kabla mwenyewe hajatamka neno. Doyle akaliweka jambo hilo moyoni.

Mwaka 1882 alianza kutibu huko Southsea, Portsmouth. Wagonjwa walikuwa haba, basi akazijaza saa zake kwa kuandika. Kitabu cha kwanza cha Holmes, A Study in Scarlet, kilitoka mwaka 1887, naye alikuwa amekiuza na haki zake zote kwa pauni 25. Hadithi fupi zilipoanza kutoka katika jarida la The Strand, Julai 1891, jina lake likavuma kila pembe.

Lakini moyo wa Doyle haukuwa huko. Yeye alitaka akumbukwe kwa riwaya zake za historia, kama Micah Clarke na The White Company, na alimwona Holmes kuwa ni kizuizi. Mama yake alimsihi asimuue, naye akangoja kidogo. Desemba 1893 akamtumbukiza pamoja na adui yake, Profesa Moriarty, katika maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Inasemekana wasomaji 20,000 waliacha kulinunua jarida, na mwandishi akamiminiwa barua za lawama. Mwaka huo huo alikuwa amefiwa na baba yake, na mkewe Louisa alikuwa ameonekana kuwa na kifua kikuu.

Doyle alishikilia msimamo wake miaka minane. Mwaka 1901 akaanza kutoa The Hound of the Baskervilles, kisa cha kabla ya kifo kile, na mwaka 1903, baada ya kuahidiwa malipo makubwa, akamrudisha Holmes: kumbe hakuanguka. Ziliendelea kutoka mpaka 1927, zikatimia riwaya 4 na hadithi fupi 56. Naye mwenyewe alijitia katika upelelezi wa kweli. Alimtetea George Edalji, mtoto wa kasisi aliyetoka Bombay, aliyefungwa kwa uonevu, hata akasamehewa mwaka 1907.

Baadaye aliwaacha wasomaji wake mara ya pili, na safari hii jeraha lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1916 alitangaza kwamba anaamini walio hai wanaweza kuzungumza na roho za wafu. Mwaka 1918 mwanawe Kingsley akafariki, na 1919 nduguye Innes. Tangu hapo mali na nguvu zake alizitoa katika imani hiyo, akazunguka dunia kuihubiri, hata Kenya akafika mwaka 1929. Alizisadiki picha za wasichana wawili wa Cottingley walioonekana wakicheza na viumbe wadogo wenye mbawa, akazitungia kitabu mwaka 1922. Mwaka 1983 wenyewe, wakiwa vikongwe, walikiri kwamba viumbe wale walikuwa vipande vya karatasi.

Profesa Challenger, yule mbishi aliyependwa tangu The Lost World ya mwaka 1912, aligeuzwa katika The Land of Mist ya 1926 kuwa mfuasi wa imani hiyo. Wasomaji waliona mhusika wao kageuzwa kipaza sauti. Ila Holmes hakuguswa. Katika hadithi ya mwaka 1924 bado anazikataa habari za mizimu, huku aliyemtunga akizihubiri majukwaani.

Sisi tumefundishwa kwamba jambo la roho ni la Mola peke yake, na kwamba dawa ya msiba ni subira. Hata hivyo, baba aliyezika mwana hastahili kuchekwa.

Sir Arthur alifariki tarehe 7 Julai 1930 nyumbani kwake Crowborough. Riwaya za historia alizozipenda wachache wanazisoma. Yule aliyemtupa majini ndiye anayelibeba jina lake mpaka leo.